Watoto wangu wamefika levo ya 9 kwenye gemu la hesabu ila kwenye daftari 8 + 5 inawashinda, nakosea wapi?

MwalimuWaPili

Habari zenu wadau, hasa walimu wa madarasa ya chini. Naomba mawazo yenu maana hii kitu inaninyima usingizi. Nafundisha darasa la pili, watoto 54, na muhula huu tumepata vishikwambi 12 vyenye magemu ya hesabu na ya kusoma yamewekwa humo tayari, havihitaji bando. Wiki mbili za kwanza nilifurahi sana, yaani watoto ambao kipindi kizima huwa wanachungulia dirishani nikawaona wameinama kwenye skrini, wanagombea zamu, na utoro ukapungua kabisa, siku ya vishikwambi hakosekani mtu.

Sasa ijumaa iliyopita nikasema ngoja niwape zoezi kwenye daftari, maswali 10 tu ya kujumlisha, yale yale wanayofanya kwenye gemu. Kuna mtoto yuko levo ya 9 na ana nyota nyingi kuliko darasa zima, kapata 3. Kwenye 8 + 5 kaandika 85. Nikamwita pembeni nikampa kishikwambi nikamwambia hebu nionyeshe unavyofanyaga, akagusa haraka haraka, nyekundu, nyekundu, kijani, nyota ikaruka, akaniangalia akatabasamu. Nilikosa la kusema kwa kweli, maana yeye anaamini kabisa anajua hesabu na mimi ndo niliyekuwa nampigia makofi.

Ninachouliza ni hivi, tatizo ni gemu lenyewe, ni namna ninavyolitumia, au ni kwamba wanahitaji muda zaidi? Mwalimu mkuu anataka nimwambie kama tuendelee navyo au tuvifungie kabatini. Sitaki kuvifungia kwa sababu ile hamu ya watoto nimeiona kwa macho yangu, ila pia siwezi kuendelea hivi.

ChakiNyeupe

Pole mwalimu mwenzangu, na umefanya jambo kubwa kuwapa daftari, wengi wetu tunaishia kuhesabu nyota tu tunaona mambo yako sawa.

Huyo mtoto wako hajumlishi, anabahatisha, na gemu linamruhusu. Hebu piga hesabu mwenyewe, swali lina majibu manne ya kuchagua, akikosea anaruhusiwa kurudia, maana yake hata asiyejua kusoma namba akigusa zote nne lazima kijani itokee. Maswali 20 atayamaliza yote 20. Kwa kubahatisha tu mguso wa kwanza utampa kama 5 kati ya 20, hizo 15 zilizobaki ni vidole vinatafuta kijani. Sasa kama gemu linatoa nyota ile ile kwa aliyepata mguso wa kwanza na aliyepata mguso wa nne, mtoto mwenye akili atachagua njia ipi? Atachagua ya haraka. Hajakosea kitu, amejifunza sheria za gemu vizuri kabisa, ila sheria zenyewe hazihusu kujumlisha.

Kwa hiyo mimi kabla sijawapa watoto gemu lolote nalicheza mwenyewe, na nalicheza kwa kukosea makusudi. Natoa majibu ya hovyo dakika 10 nzima. Nikiona napanda levo, hilo gemu siliingizi darasani. Halafu naangalia nikikosea linafanya nini. Kama linalia tu mlio wa kukosea na kuniletea swali jingine, hapo mtoto hajifunzi chochote kutokana na kosa lake. Kama linanirudisha kwenye vitu vya kuhesabika, linanionyesha 8 ni nyingi kiasi gani na 5 ikiongezwa inafika wapi, hilo nalikalia chini nilitazame zaidi.

Kingine angalia kidole cha mtoto kinafanya kazi gani. Mengi ya haya magemu ukiyachunguza, mchezo ni kulenga maputo au kukimbiza gari, na hesabu imewekwa kama geti tu la kupita. Ukiitoa hesabu ukaweka swali la tahajia gari linakimbia vile vile. Lingine unakuta mchezo wenyewe ndo hesabu. Kuna moja la bure la siku nyingi, The Number Race, lilitengenezwa na watafiti wa ubongo Anna Wilson na Stanislas Dehaene wakaliandikia mwaka 2006, pale mtoto analinganisha idadi mbili ipi kubwa, halafu idadi aliyochagua ndo hatua anazotembea kwenye mstari wa namba. Akichagua ndogo anabaki nyuma na anaona kwa macho kwa nini amebaki. Hakuna kubofya ovyo kutakakomsogeza mbele ya mwenzake.

Na hiyo 85 isikupite hivi hivi mwalimu. Huyo mtoto anaona alama ya kujumlisha kama gundi, 8 gundisha 5. Hapo kishikwambi weka chini kwanza, chukua vizibo au vijiti, mpe 8 na 5, mwambie jaza kumi kwanza. Atachukua 2 kutoka kwenye 5 apeleke kwenye 8, zinakuwa kumi, zinabaki 3. Halafu muulize ni ngapi, atasema mwenyewe kumi na tatu, na umsimamishe hapo hapo, umeisikia? kumi, NA tatu. Lugha yetu imeshamwambia jibu limetengenezwaje. Yapo magemu yanasema namba kwa Kiingereza tu na hiyo bahati mtoto anaikosa, ndo maana mimi huwa nazima sauti nawaambia watoto wazitamke wenyewe.

MzaziWaWatatu

Samahanini walimu mimi ni mzazi tu lakini nimeguswa na hii mada. Mwanangu wa katikati yuko darasa la tatu, ni mpole na anahesabu polepole, anatumia vidole lakini anafika. Shuleni kwao waliweka gemu la kushindana kwa projekta, majina yanatokea kwenye skrini kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, na anayejibu haraka anapata pointi nyingi. Siku ya tatu akaniambia mama mimi sitaki kwenda siku ya gemu. Nikamuuliza kwa nini akasema jina langu linakaaga chini kabisa na wote wanaliona.

Naomba walimu mnisikilize, zamani daftari la mtoto likiwa na makosa anajua yeye na mwalimu wake, sasa hivi darasa zima linajua kila sekunde. Huyu mtoto nyumbani ukimpa muda anapata yote. Aliyemwambia kwamba hajui hesabu ni saa ya kwenye skrini. Nilienda kuongea na mwalimu wake kwa adabu na kwa kweli alinielewa, akaondoa majina na akaondoa saa, lakini najiuliza watoto wangapi hawana wa kuwasemea.

Lingine ni matangazo. Magemu ya bure mengine yanaleta tangazo katikati, mtoto anagusa anafikiri ni sehemu ya mchezo anajikuta sehemu nyingine kabisa. Hilo mkaliangalie kabla hamjawapa.

MwalimuWaPili

MzaziWaWatatu nakushukuru sana, umenifanya nikumbuke kuna wawili darasani kwangu siku ya vishikwambi wanapenda kukaa nyuma na mimi nilidhani hawapendi tu mashine. Jumatatu nitakaa nao.

FundiProgramu

Wakuu, mimi natengeneza programu na dada yangu ni mwalimu wa msingi kwa hiyo hivi vitu tunavijadili kila siku mezani. Nichangie upande wa mashine.

Alichosema mzazi kuhusu saa kina tiba kwenye mipangilio. Kahoot kwa mfano, ile ya maswali ya kushindana ya Wanorway iliyotoka 2013, kawaida yake pointi zinapungua kadri unavyochelewa kujibu, lakini mwalimu anaweza kuweka muda mrefu kwa kila swali na anaweza kuifanya isihesabu kasi. Walimu wengi hawajui kama hiyo sehemu ipo, wanaacha ilivyokuja. Majina pia mnaweza kutumia ya vikundi badala ya mtoto mmoja mmoja, na kwa watoto wadogo msiandike kabisa majina yao kamili kwenye programu yoyote ya intaneti, wapeni majina ya wanyama au matunda yanatosha. Marekani wana sheria tangu 1998 inayobana kampuni kukusanya taarifa za watoto walio chini ya miaka 13 bila ruhusa ya wazazi, sasa hata pale ambapo sheria kama hiyo haipo mwalimu unaweza kuwa na sheria yako.

Kwa tatizo la kubahatisha tafuta gemu ambalo jibu linaandikwa, halichaguliwi. TuxMath ni mfano mzuri, vimondo vinashuka vimebeba maswali na mtoto lazima aandike namba kwa kibodi, hana majibu manne ya kubofya. Tatizo nalo linakwenda na muda lakini kasi unaweza kuipunguza mpaka ikawa ya kutambaa. GCompris nayo ni ya bure, haina matangazo na ukishaiweka haitaki intaneti, aliianzisha Mfaransa Bruno Coudoin mwaka 2000, na hilo jina ukilitamka kwa Kifaransa linasikika kama "nimeelewa". Ina shughuli zaidi ya mia za watoto wa miaka 2 mpaka 10, kupima uzito kwa mizani, kusoma saa, kuhesabu hela, ramani, na zote ni fupi fupi. Kama mna kompyuta moja yenye nguvu kidogo mnaweza kuweka Kolibri, hiyo inageuza kompyuta moja kuwa kama maktaba na vishikwambi vingine vinasoma kutoka kwake darasani humo humo bila bando hata kidogo.

Na kama mna simu moja tu ya mwalimu, kuna kitu kinaitwa Plickers. Kila mtoto anapewa kadi ya karatasi yenye mchoro wake, akitaka kujibu A anaishika upande huu, akitaka B anaigeuza, mwalimu anapitisha kamera ya simu mbele ya darasa inasoma kadi zote kwa mkupuo. Mchoro wa kila kadi ni tofauti kwa hiyo mtoto hawezi kumuibia jirani kirahisi, na hakuna anayejua nani kakosea isipokuwa mwalimu. Mzazi wa watatu naona hii ingemfaa sana mwanao.

Ila kitu ninachopenda kuwaambia walimu wanaolalamika vishikwambi ni vichache ni hiki. Gemu la elimu lililopata sifa kuliko karibu yote, The Oregon Trail, lilianza mwaka 1971 na vijana watatu waliokuwa wanajifunza ualimu Minnesota, Don Rawitsch alitaka kufundisha historia ya wahamiaji wa Marekani na wenzake Bill Heinemann na Paul Dillenberger wakamwandikia programu. Hapakuwa na skrini hata moja. Mashine moja ya kuchapa iliyounganishwa kwa simu na kompyuta kubwa iliyoko mbali, inatoa majibu kwenye karatasi, darasa zima. Watoto wakawa wanakaa kwa vikundi, wanajadiliana tununue risasi au chakula, tupumzike au tuendelee, wanagawana kazi, huyu anaandika, huyu anafuatilia ramani, huyu anapiga hesabu za mali iliyobaki. Mimi naamini yale mabishano kabla ya kubonyeza ndo yaliyokuwa somo. Leo kila mtoto na skrini yake na hedifoni zake na hakuna anayebishana na mtu.

SilabiKwanza

Naona mnaongelea hesabu tu jamani, upande wa kusoma ndo kuna kasheshe kubwa zaidi na hausemwi.

Mimi nafundisha darasa la kwanza. Mwaka juzi tuliwekewa magemu ya alfabeti, mazuri kweli, rangi, nyimbo, mnyama anacheza. Yote ya Kiingereza. Watoto wakayapenda, baada ya mwezi wanaimba ei bii sii dii bila kukosea. Siku ya imla nikasema andikeni neno kiti. Msichana mmoja mwerevu sana akaandika "kete". Nikadhani kakosea kusikia, nikarudia kiti, akanionyesha daftari kwa kujiamini, kete. Nikasema meza, akaandika "maza". Nimekaa na yale madaftari jioni nzima ndo nikaelewa. Kwenye gemu herufi E inaitwa "ii", kwa hiyo akisikia sauti i anaandika E. Herufi A inaitwa "ei", kwa hiyo akisikia e anaandika A. Mtoto hana kosa lolote, gemu limemfundisha vizuri na yeye amefuata kwa uaminifu, ila limemfundisha lugha ambayo hajaanza kuisoma.

Na inauma kwa sababu Kiswahili ni rahisi mno kuanza kusoma. Irabu tano, kila moja ina sauti moja na haibadiliki popote utakapoikuta, silabi karibu zote zinaishia na irabu, mtoto akishika ba be bi bo bu ameshika mlango wa maneno mamia. Gemu la kusoma Kiswahili lilitakiwa liende kwa silabi, asikie "ka", aiguse "ka", aiunganishe na "ka" nyingine apate kaka, abadilishe ya mwisho apate kaki. Halafu baadaye kabisa ndo uje kwenye ch, sh, ny, dh, gh, na hiyo ng' ambayo hata watu wazima wanasahau kuiwekea kialama chake. Gemu la Kiingereza linaanza na herufi moja moja na neno la tofaa kwa Kiingereza, mtoto hajui tofaa wala hilo neno.

Nilichofanya nilizima sauti ya mashine yote. Nikachukua programu ya kawaida ya kutengeneza kadi, nikapiga picha vitu vya darasani, nikarekodi sauti yangu mwenyewe, na baadaye nikawarekodi watoto. Wanasikia sauti ya mwenzao inasema "ki-ti", wanatafuta silabi mbili wanazipanga. Ni kazi ya jioni tatu nne. Haina nyota wala mnyama anayecheza, na wanaigombania kuliko ile ya mwanzo, kwa sababu wanataka kusikia sauti zao. Yule msichana ilimchukua kama wiki tano kuacha kuandika kete.

Mdadisi

Nimewasoma wote, ila naona mnalaumu sana mashine na kumpandisha sana mwalimu. Hamjasikia ile ya Tanga? Global Learning XPRIZE, shindano la programu za kufundishia watoto, walipeleka vishikwambi kwenye vijiji 170, karibu watoto 3,000, wengi wao hawaendi shule kabisa, zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili. Hapakuwa na mwalimu. Vituo vya kuchajia kwa jua, programu ya Kiswahili, basi. Baada ya miezi 15 wale wasioweza kusoma hata neno wakawa wamepungua kama nusu. Mei 2019 zawadi ikagawanywa kwa timu mbili, onebillion na Kitkit School, na programu zote za fainali zikaachwa wazi yeyote azitumie. Sasa kama watoto walijifunza wenyewe kijijini, kwa nini darasani ishindikane? Labda tatizo ni sisi tunaingilia sana.

ChakiNyeupe

Mdadisi hoja yako ni nzito na mimi ile habari naiheshimu sana, tena SilabiKwanza aende akazitafute hizo programu maana zipo kwa Kiswahili. Na ndo jibu la kwanza kwako, pale gemu lilikuwa kwa lugha ya mtoto na kwa hatua ndogo ndogo. Sio kila gemu liko hivyo.

La pili, wale walikuwa na miezi 15 na kishikwambi chake mtoto mwenyewe, na hawakuwa na kingine chochote. Mwalimu wetu ana 12 kwa watoto 54 na ana kipindi. Na hata miezi 15 hiyo, ukigeuza hesabu, kama nusu bado walikuwa hawasomi neno. Mimi hao ndo nawafikiria. Kuna gemu la kusoma la Finland, GraphoGame, la Chuo Kikuu cha Jyväskylä, limejaribiwa nchi nyingi sana kwa lugha nyingi. Watafiti walipokusanya majaribio yake pamoja wakaona kwa wastani halikuongeza chochote kwenye kusoma maneno. Ila walipotenganisha majaribio ambayo mtu mzima alikaa karibu na mtoto anamfuatilia na yale ambayo mtoto aliachwa peke yake, yale ya mtu mzima yakaonyesha faida. Gemu lile lile.

Kwa hiyo mwalimu mimi ningekushauri vipindi viwe vifupi, dakika 15 mara tatu kwa wiki ni bora kuliko saa nzima ya ijumaa, kichwa kinashika zaidi ukikirudia rudia kwa kuachanisha siku, hilo mtafiti wa kumbukumbu Ebbinghaus aliliandika tangu 1885 na halijapingika. Na wawili kwa kishikwambi kimoja. Mmoja anagusa, mwingine anasema. Anayegusa haruhusiwi kugusa mpaka mwenzake aseme jibu kwa sauti na aseme kalipataje. Wakikubaliana ndo anagusa. Baada ya maswali matano wanabadilishana. Dakika tano za mwisho skrini chini, kila mtu daftari lake, maswali matatu. Hayo matatu ndo umwonyeshe mwalimu mkuu, nyota ziache huko huko.

Mdadisi

Sawa nimekuelewa, hiyo ya mtu mzima kukaa karibu sikuwa naijua. Ila bado nasimama kwamba kwa mtoto ambaye hana mwalimu kabisa kishikwambi ni bora kuliko kungoja.

ChakiNyeupe

Hapo hatupishani kabisa ndugu yangu.

MwalimuWaPili

Wadau nimerudi, zimepita wiki nne kasoro. Nilitaka nijaribu kwanza ndo niongee.

Kwanza nilifanya ile ya kucheza kwa kukosea makusudi. Magemu 6 yaliyokuwemo, manne nilipanda levo bila kujua chochote, moja wapo nilifika mpaka mwisho nikiwa nimefumba macho nagusa kona moja ya skrini. Hayo manne nimeyaficha. Nimebaki na mawili, moja la mstari wa namba na lingine la kuandika jibu, na GCompris nimesaidiwa kuiweka.

Darasa nimeligawa makundi mawili ya 27. Kundi moja liko kwenye vishikwambi, 9 vina wawili wawili na 3 vina watatu watatu, kwenye vile vya watatu yule wa tatu kazi yake kuhakiki kwa vijiti. Kundi lingine linafanya kazi ya daftari na mimi nazunguka. Siku mbili za mwanzo ilikuwa vurugu tupu, kelele, anayegusa hamsubiri mwenzake, wengine walilia kwa sababu hakuna nyota. Nusu niache. Kuna mtoto alinifuata akasema mwalimu rudisha lile la magari, hili linachosha. Nikamwambia ukweli kwamba lile la magari halikuwa linakufundisha, akanijibu najua. Darasa la pili huyo, alikuwa anajua!

Wiki ya pili kelele zikabadilika. Nikaanza kusikia "hapana, jaza kumi kwanza", "umesahau ile mbili uliyotoa", yaani wanagombana kwa hesabu. Nilisimama katikati ya darasa nikasikiliza tu. Wale wawili wangu wa nyuma nimewaweka wawe wasemaji kwanza kabla ya kuwa wagusaji, mmoja kumbe anahesabu vizuri tu ila vidole vyake vinatetemeka na skrini ilikuwa inachukua mguso usio wake, muda wote gemu lilikuwa linamwambia kakosea. Muda wote huo na mimi sikujua. Wa pili bado, anahitaji vijiti na mimi, na kishikwambi kwake nimekiweka kando kwa sasa.

Mwalimu mkuu nilimpelekea madaftari, sikumpelekea ripoti ya nyota. Kaangalia, akasema tuendelee mpaka mwisho wa muhula halafu tukae tena. Darasa zima halijapanda sana, nisiwadanganye, kuna kama 15 ambao tofauti yao naiona wazi, wengi wamepanda kidogo, na wachache wako pale pale.

Yule wa 85, jana nilimpa 8 + 5 bila kishikwambi bila vijiti. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikataka kumsaidia, midomo inacheza, halafu akasema kumi... na tatu. Nikampa 9 + 6 papo hapo, akapata. Nikampa 13 - 5 akaandika 135. Sasa naanza tena upande wa kutoa, na kwenye haya magemu mawili niliyobaki nayo hakuna hata moja linaloonyesha kutoa kwa kuvunja kumi. Mwenye kulijua au aliyewahi kutengeneza la kwake kama SilabiKwanza alivyofanya naomba aweke hapa, jumatano ni zamu ya kundi la kwanza.

SilabiKwanza

Mwalimu nitumie picha za vijiti vyako vikiwa 13, kumi vimefungwa pamoja na vitatu viko pembeni, leo usiku nakutengenezea kadi, sauti rekodi wewe na yule wa 85.